Mwaitu Anataka Kusikia Bendi

Mume wangu Muthama alipiga koneti, tarumbeta fupi, katika bendi ya jeshi tangu ujana wake mpaka mvi zilipoanza kumtokea, kisha akarudi nyumbani Mbooni na pensheni, jozi moja ya viatu vinavyong'aa, na imani kwamba Ukambani kote hakuna mtu mwingine anayeelewa muziki. Pensheni ilikuwa ndogo na viatu viliisha. Imani ilinenepa.

Nitaeleza mimi mkewe, Nzilani, taabu iliyotupata mwaka wa themanini na saba. Yeye akianza kueleza huanzia kwa bendi za Ulaya za zamani, na wageni huaga kabla chai haijaiva.

Kwanza nimpe haki yake. Bendi ya kanisa letu aliianzisha yeye. Aliwatoa wanaume shambani, watu ambao chuma pekee walichowahi kushika ni jembe, akawafundisha kusoma noti na kupuliza bila kutemea mate wazee wa kanisa. Mama yake mzazi, Mbula, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alitoa mbuzi mzima kwenye harambee ili kanisa linunue besi, lile tarumbeta kubwa ambalo mtu hulikumbatia kama mtoto mzito. Mwanafunzi wa Muthama aliye hodari kuliko wote alikuwa Kilonzo, fundi wa baiskeli pale Mbumbuni.

Basi Jumapili moja, mwanzoni mwa mwaka wa themanini na tano, wakati wa sadaka, Kilonzo akaingia mapema kidogo kabla ya zamu yake. Kidogo tu. Mimi nilikuwa nimeketi hapo na sikusikia kitu. Lakini Muthama aliinua mkono, akaisimamisha bendi nzima, akamwambia Kilonzo kwa sauti ya gwaride, "Kama hujui kuhesabu, enda Sande skuli ukafundishwe na watoto!" Na mama mkwe wa Kilonzo alikuwa ameketi kiti cha tatu. Kwetu sisi mwanaume humheshimu mama mkwe wake kiasi cha kumpisha njia akimwona anakuja. Sasa umwaibishe mtu mbele ya mwanamke kama huyo, tena kanisani, tena kwa hesabu za watoto! Afadhali angemchapa kofi.

Kilonzo akasimama. Wenzake wote wakasimama. Wakatoka kwa mlango wa kando na matarumbeta yao, na sadaka ikaendelea bila muziki, senti zikisikika zikianguka moja moja kwenye kapu. Kuanzia siku hiyo bendi ikawa ya Kilonzo, ikafanya mazoezi nyuma ya kibanda chake cha baiskeli. Muthama akabaki na koneti yake ya jeshini na vyombo vibovu alivyokuwa amevileta nyumbani kuvitengeneza: tromboni iliyobonyea, vitarumbeta viwili vya sauti za katikati, na besi kuukuu yenye tundu, aliyoiziba kwa lami ya barabara.

Kwenda kuomba msamaha? Muthama? Huyo hata akikanyaga mguu wako, wewe ndiye unayepaswa kueleza mguu ulikuwa unatafuta nini hapo.

Mwezi wa sita, huo mwaka wa themanini na saba, Mwaitu akashikwa na ugonjwa. Macho yake yalikuwa yamezima zamani, sasa miguu ikavimba na kifua kikabana. Tulimpeleka Kitui, na daktari baada ya kumpima akatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani, apewe chochote anachotamani. Tulidhani atatamani supu. Asubuhi moja aliniita, akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akasema, "Kavata jirani yetu alipozikwa, bendi ilimpigia ile ndefu ya pole pole. Mimi nilisikia vizuri. Kavata hakusikia kitu. Mimi sitaki ujinga kama hiyo. Nataka kusikia yangu nikiwa hai."

Ile ndefu ya pole pole ilikuwa muziki wa Mzungu mmoja aliyekufa kitambo, muziki wa okestra wenye vinanda vya nyuzi visivyohesabika. Muthama aliupanga upya kwa mkono wake ili upigwe na matarumbeta matupu, na alijivunia kazi hiyo kuliko alivyojivunia watoto wetu. Watu wa Mbooni hawakujali ulitoka wapi. Ulikuwa unawatoa machozi makaburini, na hilo liliwatosha.

Nikamwambia Muthama, "Baba Ndinda, teremka Mbumbuni. Mwambie Kilonzo ulikosea, walete bendi hapa. Mama yako hana siku nyingi."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende sokoni bila suruali. "Hiyo bendi ni mimi," akasema. "Kila kitu wanajua imetoka kwa hii mdomo yangu. Nitapiga zote mwenyewe, mmoja mmoja, niziweke kwa kaseti. Mwaitu atasikia bendi kuliko hiyo ya fundi wa baiskeli."

Mpango wake ulikuwa huu. Apate redio kaseti mbili. Kwanza arekodi besi peke yake. Kisha redio ya kwanza iicheze hiyo besi, yeye akae kando akipuliza tromboni, na redio ya pili inase vyote viwili pamoja. Halafu hiyo kaseti ya pili ichezwe, yeye aongeze tarumbeta jingine, na kuendelea hivyo, sauti juu ya sauti, mpaka bendi nzima itimie. Nilimuuliza kama kuomba msamaha si kazi rahisi kuliko hiyo. Akaanza kuhesabu pesa.

Redio moja tulikuwa nayo. Ya pili alienda kuinunua Kitui kwa Hassan, ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujisikie tunakohoa tu. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata dawa ya Mwaitu. Hassan alipoambiwa kazi ya hiyo redio, akazipanga mbili kwenye kaunta na kumwonya vizuri kabisa.

"Bwana Muthama, mashine hizi ni ndugu, si pacha, hazina mwendo mmoja. Na mawe ya betri yakichoka, kanda huenda mwendo wa kizee, sauti ikashuka. Kwa shughuli hiyo yako, chukua mawe mapya, uyabadilishe kila mara."

"Mimi nimekuwa jeshi," Muthama akamjibu. "Mashine unanifundisha wewe?"

Hassan akatabasamu, akaifunga redio kwa gazeti, akanipa mimi chenji. Mawe hatukununua.

Ghala langu likawa studio. Mahindi yakahamishiwa chumbani, yakaja na wadudu wao, tukalala nao. Ili ghala lisitoe mwangwi, lilitakiwa kutandazwa vitambaa vizito ukutani, na katika nyumba yetu vitambaa vizito ni blanketi. Mwezi wa saba Mbooni ukungu huteremka mpaka mlangoni na maji ya kunawa yanauma kama siafu. Mume wangu akavua vitanda vyote akaupigilia ukuta blanketi kwa misumari. Aliacha za Mwaitu tu, na hilo nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na mchi mkononi.

Kisha zikaja amri. Kuku wafungiwe. Ng'ombe asiitwe. Nisitwange, nisicheke, nisimkemee mtu akiwa anarekodi. Siku ya kwanza ilikuwa ya besi. Sijui kama umewahi kusikia besi ya muziki wa mazishi ikipigwa peke yake bila wenzake. Ni sauti moja nzito, halafu kimya, halafu nyingine, halafu kimya kirefu ambamo mtu anahesabu kwa kugonga mguu. Mwaitu alisikiliza kutoka kitandani mwake asubuhi nzima, kisha akaniuliza kwa huruma, "Ng'ombe ya nani inazaa vibaya hivyo?"

Kosa lililofuata lingefanywa na nyumba yoyote ya huku kwetu, kwa hiyo sitamcheka peke yake. Mawe ya redio yakichoka, sisi hatutupi. Tunayaanika juu ya mabati yapigwe na jua, yanapata nguvu kidogo, tunayarudisha. Muthama akayaanika. Lakini jua la mwezi wa saba Mbooni ni la kusimuliwa tu. Akayahamishia jikoni, kando ya moto, nikawa nayakuta katikati ya viazi vitamu vyangu. Kila tarumbeta aliloongeza lilirekodiwa kwa mawe yaliyochoka kuliko jana, kanda ikitambaa, sauti ikishuka, na yeye, badala ya kuilaumu redio, akazidi kuvuta nje bomba la kurekebishia sauti la koneti ili ashuke nayo.

"Ni baridi," alinieleza kwa utaalamu. "Baridi inateremsha sauti."

Na kila asubuhi Mwaitu aliniuliza, "Bendi imekuja?"

"Inakuja, Mwaitu."

"Imefika wapi?"

"Iko njiani."

Nilimdanganya mgonjwa kila siku kwa ajili ya mwanaume anayevuta bomba. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuipima. Bendi haikuwa njiani. Bendi ilikuwa Mbumbuni ikiziba pancha, ikingoja neno moja tu.

Hatimaye akatangaza kwamba kazi imekwisha. Kwa heshima ya tukio, sasa akanunua mawe mapya, akavaa koti, akaiweka redio kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake na kubonyeza. Mawe mapya yakaikimbiza ile kanda iliyorekodiwa ikitambaa. Muziki wa mazishi ukatoka mbio. Besi ikalia kama mbuzi, koneti zikalia kama vifaranga, na lile jeneza walilokuwa wakilisindikiza, kama lilikuwepo, lilikuwa limewaponyoka wabebaji na kuteremka mlima.

Mwaitu akasikiliza kwa makini. "Hawa watu," akauliza, "wamekimbizwa na nyuki?"

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Muthama akakaa siku kadhaa bila kunisemesha, na nakiri nyumba ilikuwa na amani.

Nilidhani ameshindwa. Wapi! Akaanza upya, kutoka kwa besi. Safari hii alinunua mawe mengi, akalikubali onyo la Hassan bila kumtaja jina. Lakini Mwaitu sasa alikuwa hawezi kukaa. Uji aliumeza vijiko vichache na kugeukia ukuta. Nikaenda mpaka mlango wa ghala, nikavunja amri zote, nikapiga kelele katikati ya kurekodi: "Mama yako anaenda, wewe unapiga firimbi! Nyumba ya Kilonzo ni hapo chini tu! Mguu wako umekatwa?"

Akazima redio. Akanitazama, na nikaona midomo yake imepasuka, ina damu, ameipaka mafuta ya kupikia. "Wiki moja tu, Nzilani," akasema kwa sauti ndogo. Nilimhurumia. Huruma ilidumu mpaka kitandani, nilipotafuta blanketi na kukumbuka liko wapi.

Lakini ukweli husemwa hata ukiudhi. Kaseti ya pili ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Alipoileta na kuicheza, ule muziki ulijaa kwenye kijumba cha Mwaitu kilichokuwa uani, besi chini imetulia kama ardhi, tromboni inapanda, koneti juu inalia kwa adabu, kila mmoja mahali pake. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji na nikasahau kuliweka chini. Nilimchukia kwa kuweza kufanya kitu kama hicho.

Muziki ukaisha, kanda ikabaki inapuliza upepo mtupu. Mwaitu alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Muthama," akasema. "Hiyo ya juu ni wewe."

"Ndio, Mwaitu."

"Na hiyo kubwa ya chini ni wewe."

"Ni mimi."

"Na hao wa katikati."

"Wote ni mimi, Mwaitu," akasema, na kifua kikamjaa kama jogoo.

"Nimesikia. Wote mnavuta pumzi pahali pamoja." Akanyosha mkono, akaupapasa uso wa mwanawe mpaka kwenye ile midomo iliyovimba, akaishika kidogo. "Wengine walikufa?"

"Hapana."

"Wako hai wote?"

"Wako hai."

"Mimi nilitoa mbuzi ya bendi," Mwaitu akasema. "Sikutoa mbuzi ya wewe."

Muthama akaichukua redio yake, akaenda ghalani, akajifungia. Nilingoja atoke na kofia kichwani. Nikaosha sufuria zote, nikaziosha tena. Hakutoka. Basi nikajifunga leso kiunoni, nikateremka Mbumbuni mwenyewe.

Kilonzo alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Aliniona akaendelea kulizungusha.

"Sikuja kuombea mtu msamaha," nikamwambia. "Yeye iko na mdomo yake. Mwaitu anataka kusikia bendi akiwa hai. Ni hiyo tu."

"Mwalimu anajua umekuja?"

"Hajui."

"Atatufukuza, Mama Ndinda."

"Akiwafukuza, atanifukuza na mimi. Tutateremka pamoja."

Gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe. Akapangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi nyingi kuliko mikono. "Susu alikuwa anatupikia uji siku za mazoezi," akasema, akimwita Mwaitu bibi kwa Kikamba. "Tutakuja kesho."

Wakaja kweli, wamevaa mashati meupe ya kanisani, wamepanda ile njia ya mteremko wakipokezana besi, matope hadi magotini. Muthama aliwaona kutoka mlango wa ghala, akarudi ndani akafunga. Sisi tukamtoa Mwaitu na kitanda chake, tukamweka mlangoni kwake penye hewa. Wakajipanga uani katikati ya kuku, ambao mwishowe walikuwa wamefunguliwa. Kilonzo akatoa ishara, wakaanza.

Sasa nifanyeje, niseme uongo? Walikuwa wabaya. Ukilinganisha na ile kaseti, walikuwa kama watu wanaosukuma gari lililokwama, huyu mbele, huyu nyuma, mmoja wa koneti anapiga mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Mwaitu alisikiliza mdomo wazi, vidole vyake vinagonga mbao za kitanda. Kisha akainua mkono, na Kilonzo akawanyamazisha.

"Kuna mtu hayuko," Mwaitu akasema. "Huko juu kuko na pengo. Huyo wangu ako wapi?"

Wanaume wote wakatazama chini. Mmoja akaanza kutoa mate kwenye bomba la tromboni, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote.

"Tuliacha nafasi yake, Susu," Kilonzo akasema. "Hiyo sauti ni ya Mwalimu. Hatujawahi kupatia mtu."

Miaka miwili na zaidi walikuwa wanapiga mazishini na harusini na shimo katikati ya muziki wao, na mimi nilidhani hawajui kupiga! Nikageukia ghala, nikaita kwa nguvu zote Mungu alizonipa, na si chache: "Muthama! Mama yako anakuita!"

Mlango ukakawia. Kisha ukafunguka, akatoka na koneti, vumbi la mahindi limemjaa nywele, midomo imemvimba. Alivuka ua wake mwenyewe akitembea kama kuruta siku ya kwanza kambini. Akasimama mwisho wa mstari, kando ya yule wa mlio wa mlango. Nikaona mdomo wa Muthama unafunguka, na mimi namjua huyu mtu. Nilijua ataanza kuwasahihisha, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mama yake anayekufa, nao watateremka na hawatapanda tena.

"Kilonzo," akasema. "Tuanzie wapi?"

Nimeolewa na Muthama muda mrefu. Sijawahi, kabla ya hapo, kumsikia akimuuliza mtu chochote kuhusu muziki. Kilonzo aliitazama karatasi yake kwa muda, ingawa muziki huo ulikuwa kichwani mwake wote, na nadhani alikuwa anangoja sauti yake irudi.

"Mwanzo, Mwalimu."

"Sawa," Muthama akasema, akaipangusa koneti kwenye shati.

Kilonzo akainua mkono, wakaanza tena. Ilipofika zamu ya ile sauti ya juu, Muthama alimtazama Kilonzo machoni, akangoja aitwe, ndipo akaingia. Ilitetemeka kidogo kwa sababu ya midomo. Mwaitu akanigusa mkono, akaniambia niache kelele kwa sababu hasikii vizuri. Sikuwa nimejua kwamba nalia kwa sauti.